Hewala ya Mlimani: Siku Nne Kati ya Haguro na Bahari

Ijumaa. Tokyo hadi Tōge

Tumetoka Tokyo asubuhi kwa treni ya kasi, na baada ya saa mbili hivi tuko Niigata. Hapo tukahamia Inaho, treni ya polepole kidogo inayofuata ufuko kwenda kaskazini. Mwenzangu alishanionya nikae upande wa kushoto. Tulipopita Murakami nikajua kwa nini: milima ilisogea mpaka ukingoni, pakabaki reli, barabara na maji.

Mimi ni mtu wa Pangani, bahari hainishangazi. Hii ilinishangaza kwa utulivu wake. Imelala kama mafuta kwenye sinia.

"Usidanganyike, kaka," akaniambia. "Hii ni Julai. Njoo Januari uone upepo utokao Siberia. Theluji haianguki huku, yaenda mlazo."

Mwenzangu ni dada wa Mji wa Kale, Mombasa, na huu ni mwaka wake wa sita akisoma Sendai. Safari hii yeye ndiye mkalimani, mweka hazina na mchunga saa. Mimi kazi yangu ni kubeba mabegi na kuuliza maswali, naye huyachuja kabla ya kuyatafsiri. Yapo aliyokataa katakata.

Kilichonileta ni jambo moja. Nilisikia kwamba kwenye milima ya Dewa, mkoa wa Yamagata, watu huvaa nguo za maiti, wakapanda mlimani kufa, jioni wakashuka kula chakula. Wanaitwa yamabushi, wanaolala milimani. Njia yao ni Shugendō, mchanganyiko wa imani za kale za milima, Ubudha na Shinto (dini ya jadi ya Wajapani), na ndani yake mtu hutafuta nguvu kwa kujitesa: kukesha, kufunga, kusimama chini ya maporomoko, kutembea bila kusema.

Kutoka stesheni ya Tsuruoka basi linakata mashamba ya mpunga hadi kijiji cha Tōge, chini ya mlima Haguro. Nyumba nyingi hapa ni za kulaza mahujaji, na malangoni huning'inia kamba nene za majani makavu, nene kama nanga ya jahazi inavyotaka. Mwenye nyumba alitukaribisha kwa magoti. Tulishamwambia mapema kuhusu pombe ya kupikia, maana mchuzi wa Kijapani huweza kuwa nayo bila mtu kuiona. Alikaa akatueleza sahani moja moja: hiki kimeungwa kwa mwani, hiki kwa uyoga mkavu, hiki hakina kitu. Nimekula kwa amani ambayo mijini sikuipata.

Jumamosi. Haguro

Saa kumi na mbili asubuhi jua lilikuwa limepanda zamani. Ukumbini tulikuwa wanane, Wajapani sita na sisi wawili. Kiongozi wetu huitwa *sendatsu*, yaani atanguliaye. Ni mzee mwembamba wa makamo ya sabini, mwenye mashavu ya miguu kama ya kijana wa pwani anayesukuma ngalawa kila siku.

Tukapewa mavazi: koti jeupe, suruali nyeupe ya kamba, kitambaa cheupe cha kufunga kichwani, na kamba iliyosokotwa kwa karatasi ya kuvaa shingoni. Miguuni viatu vya mpira vyenye kidole gumba peke yake. Mzee akasema tulichovaa ni sanda. Tangu hapa sisi ni maiti, tunaingia tumboni mwa mlima, na tutakapotoka tutakuwa tumezaliwa.

Nilimwomba dada amwambie kwamba kwetu pia mahujaji wa Makka huvaa vipande viwili vyeupe, na kwamba marehemu baba aliiweka ihramu yake sandukuni miaka mingi ili azikwe nayo. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akatazama chini, akasema neno moja: "*Uketamō*."

Neno hilo ndilo sheria ya siku nzima. Simu zimewekwa kapuni, maongezi hakuna, na chochote utakachoambiwa jibu lako ni hilo moja. Simameni. *Uketamō*. Kaeni. *Uketamō*. Tafsiri yake ni "nimepokea", lakini halina unyonge wa mtumwa kwa bwana wake. Dada alininong'oneza kabla mdomo haujafungwa rasmi: "Hii si hewala hii?" Ndiyo. Hewala haigombi, walisema wazee wetu, na mimi nimekuja mpaka huku kuisikia kwa Kijapani.

Nami nilikuwa na sharti langu. Tangu jana nilimweleza mzee kuwa nitatembea, nitanyamaza, nitakaa chini wakikaa, lakini sitasujudu mbele ya madhabahu wala kuimba dua zao. Nilitayarisha maelezo marefu. Hakuyahitaji. Alisema *uketamō*, akanionyesha mahali pa kusimama ambapo sitamziba mtu.

Kisha akapuliza baragumu. Ni gamba la konokono mkubwa wa baharini, wale ambao kwetu utaona magamba yao yamepangwa mezani kwa watalii. Konokono huyo ni wa bahari za joto za kusini, si wa maji haya. Sauti ya mlima huu, basi, imeazimwa baharini, tena bahari ya mbali. Nililiandika hilo kichwani, maana kalamu nayo ilikuwa kapuni.

Ukipita lango la Zuishinmon unatarajia kupanda. Badala yake unashuka. Vidato vya kwanza vinakuteremsha mpaka mto Harai, ambao jina lake lina maana ya kutakasa, na hapo pana daraja jekundu. Ng'ambo yake kuna maporomoko membamba ya Suga. Ningeapa yamekuwapo tangu dunia kuumbwa, kumbe maji yake yaliletwa kwa mfereji wa kilomita 8 hivi kutoka chini ya mlima Gassan mwaka 1654. Aliyeyaleta ni Ten'yū, mkuu wa mlima wa zama hizo. Huyo huyo ndiye aliyeanzisha ujenzi wa vidato vya mawe ninavyovikanyaga, 2,446 kwa hesabu yao. Shukrani aliyoipata ni kuhukumiwa: mwaka 1668, baada ya migogoro, alihamishiwa kisiwa cha Niijima, akafia huko katikati ya maji. Mtu wa mlima kufungiwa baharini. Sijui kama hakimu alilifikiria hilo au lilitokea tu.

Baada ya daraja ipo miti. Inaitwa sugi, jamii ya mierezi, imenyooka kama milingoti ya meli iliyotia nanga pamoja, na mingi ina miaka zaidi ya 300. Mmoja unaitwa Mti Babu, umepita miaka 1,000. Alikuwako Bibi pia, dhoruba ikamwangusha. Pembeni umesimama mnara wa ghorofa tano wa mbao tupu zisizopakwa rangi, urefu wa mita 29 hivi. Mapokeo yanasema wa kwanza ulijengwa karne ya 10. Huu uliopo una takriban miaka 600. Mbao zimekuwa rangi ya majivu, na ukiutazama haraka unaweza kuudhani mti mwingine.

Halafu vidato. Vipo vipandio vitatu, na cha pili kinaitwa Mwaga-mafuta, maana wanasimulia kwamba shujaa Benkei alilemewa na mteremko huo akamwaga mafuta aliyobeba. Mimi sikubeba mafuta, nikamwaga jasho. Mzee alikuwa mbele haongezi mwendo wala hapunguzi. Fimbo yake inagonga jiwe, kengele ndogo inalia, basi. Kila nilipotaka kupumzika nilitazama mgongo wake, nikaona aibu.

Nilidhani kimya kitanipa mawazo makubwa. Kilichokuja ni orodha ya madeni, wimbo wa tangazo la sabuni, na goti la kushoto. Ilichukua kama nusu saa vitu hivyo vikatike. Baada yake nikaanza kuona. Kwenye mawe wamechonga picha ndogo ndogo za vibuyu na vikombe vya pombe, 33 jumla, na wanasema atakayezipata zote hutimiziwa haja yake. Nimeziona nne. Nikasikia wadudu wanaolia kama chuma chembamba kinachopigwa taratibu, nikanusa udongo mbichi. Goti likaendelea kuuma, ila nikawa sina kesi nalo.

Juu ya kipandio cha pili kuna kibanda cha chai. Hapo msitu unapasuka, unaona tambarare ya Shōnai yote, mpunga mtupu, na mwisho wake mstari wa bahari. Mzee alisimama akaelekeza fimbo kwenye mstari ule. Hakusema kitu. Nilielewa kesho yake.

Kileleni, mita 414 tu, ndiko kuna hekalu kuu. Paa lake ni la majani, unene wa mita 2.1, na jengo ni la 1818. Humo huheshimiwa miungu ya milima yote mitatu pamoja, kwa kuwa theluji hufunga njia za ile mingine miezi mingi. Haguro ni dunia ya sasa. Gassan, mita 1,984, ni ya waliokwisha kwenda. Yudono, mita 1,504, ni ya kuzaliwa upya, na desturi yake kwa mahujaji ni usisimulie, usiulize. Mwandishi wa safari afanye nini na mlima kama huo? Nimeuacha.

Wenzetu waliimba dua, sauti moja nzito isiyopanda. Nilisimama mahali pangu. Nikaona pia mambo yaliyokatwa. Kwa karne nyingi Ubudha na Shinto viliishi hapa chini ya paa moja, mpaka serikali mpya ya mfalme Meiji ilipoamuru vitenganishwe mwaka 1868, na mwaka 1872 ikapiga Shugendō marufuku kabisa. Sanamu za Kibudha zikaondolewa. Leo zoezi kubwa la mwisho wa kiangazi, Kilele cha Vuli, hufanywa mara mbili, na watu wa hekalu la Shinto na watu wa hekalu la Kibudha, kila upande kivyake. Mzee alipolisimulia hili wakati wa chakula, marufuku ya kusema ikiwa imelegezwa, hakulaumu mtu. Mimi ningelaumu.

Alitusimulia pia kuhusu moshi. Katika Kilele cha Vuli watu hufungiwa chumbani, milango ikabanwa, makaa yakatiwa unga wa pilipili. Wanakohoa, wanalia, wanafikiri wanakufa. Hilo ni jahanamu, mojawapo ya dunia wanazopitia. Kwa lugha ya huku pilipili huitwa *nanban*, neno la zamani la washenzi wa kusini, ndio Wareno. Dada aliweka vijiti chini.

"Wareno hawa hawa wa Fort Jesus?"

Hao hao. Akauliza mlima ulifunguliwa lini. Mapokeo yanasema 593. "Na Fort Jesus walianza kuijenga 1593," akasema. "Miaka elfu moja kamili! Na sisi walituachia pilipili vilevile." Nikamkumbusha kuwa kwetu hatujawahi kuifanya jahanamu, tunaila na embe.

Chakula kilikuwa cha watawa, hakina nyama wala samaki: donge laini la ufuta lenye mchuzi mzito juu, machipukizi membamba ya mianzi ya Gassan, majani ya mwituni, uyoga. Tulipomaliza nikaomba udhuru wa kuswali. Mzee alitaka kujua ninaelekea wapi. Nikafungua dira: magharibi, kidogo kaskazini. Kutoka kilele hiki kibla iko baharini. Alitikisa kichwa kana kwamba nimemthibitishia jambo, akanitafutia mkeka.

Mchana tulikaa msituni saa nzima bila kufanya lolote, kila mtu na mti wake. Mbu walinifaidi. Jioni, kwenye uwanja wa nyumba ya wageni, wenzetu waliruka moto mdogo wa majani huku wakipiga kelele ya mtoto mchanga, ndiyo kuzaliwa kwenyewe. Mzee wa benki mwenye miwani aliruka akalia "ngaa!" kwa nguvu zote. Dada alikataa kuruka. "Mimi nimezaliwa mara moja, yatosha."

Jumapili. Yura

Sendatsu wa jana leo ni dereva. Kavaa fulana na kofia ya chama cha wavuvi, anaendesha gari dogo huku anakula karanga. Akatupeleka Yura, kijiji cha uvuvi umbali wa saa moja hivi, na njiani akaeleza fimbo yake ilikuwa inasema nini.

Mwaka 592 mfalme Sushun aliuawa kwa njama ya waziri wake, Soga no Umako. Mwana wa mfalme huyo, Hachiko, akakimbia mji mkuu, akashika bahari kuelekea kaskazini. Hadithi inasema chombo kilipofika mbele ya Yura aliona mabinti wanane wakicheza juu ya mwamba penye pango, wakamwashiria ashuke. Kutoka ufukoni akapotea njia, akaja kunguru mwenye miguu mitatu akamwongoza mpaka mlimani. Haguro maana yake ni mbawa nyeusi. Huko mwana wa mfalme akajifunza mateso, akachukua shida za watu mpaka uso ukaharibika, ndiyo sababu picha zake humchora mweusi, wa kutisha, mdomo umepasuka hadi masikioni. Kaburi linalohesabiwa kuwa lake liko kileleni, tulilipita jana.

Kwa hiyo mlima ulianzia hapa mchangani. Pango lenyewe unaliona kwa mbali, mdomo mweusi kwenye jabali, na wenyeji wanasema linapenya chini kwa chini mpaka Haguro. Nilimwuliza mzee kama anaamini. Akajibu kwamba hajawahi kulipita lote.

Mbele ya kijiji kuna kisiwa kidogo cha mwamba, Hakusanjima, kimeunganishwa kwa daraja jekundu. Hapa nililegea kabisa. Harufu ya nyavu zinazokauka, mama mmoja anapara samaki kwa kisu kifupi, paka watatu wanamsubiri. Mvuvi rafiki wa mzee alitukaribisha chai baridi bandarini. Tukazungumza kazi, na mazungumzo ya kazi hayahitaji mkalimani sana. Nilimwuliza wanajuaje mahali pa samaki siku ambazo hazikuwa na mashine za satelaiti. Akachora kwa kidole: huu mlima, huu mwamba, vikipangana mstari mmoja, na huku kilele kingine juu ya paa la hekalu, mistari inapokatana, tupa. Wanaita *yamaate*, kupima kwa mlima. Nikamchorea babu yangu alivyokuwa akifanya nje ya Pangani kwa mnazi mrefu na kilima kilicho nyuma yake. Alicheka akaniongeza chai.

Hapo ndipo mlima uliponikaa sawasawa. Kwa mtu wa nchi kavu ni kitu cha kupanda. Kwa mvuvi ni kitu cha kurudia nyumbani. Hata majahazi ya zamani ya pwani hii yaliutegemea. Baada ya mfanyabiashara Kawamura Zuiken kuipanga njia ya bahari ya magharibi mwaka 1672, mchele wa Shōnai ulitoka bandari ya Sakata, hapo kaskazini kidogo, ukazunguka mpaka Osaka, vyombo vikarudi na chumvi na nguo kuukuu za pamba. Kiangazi husafiri, baridi huvuta vyombo pwani na kungoja. Mtu aliyekua akisikia kusi na kaskazi haelezwi hilo mara mbili.

Alasiri tulipita hekalu la Zenpōji, la watawa wa Zen, ambako wavuvi huja kumwomba mfalme joka wa baharini. Nalo lina mnara wa ghorofa tano, wa 1883. Nilidhani ni kumbukumbu ya waliozama. La. Umejengwa kuwaombea samaki, wote waliovuliwa. Nilibaki nao muda mrefu kuliko ule wa Haguro, ingawa ule ni hazina ya taifa na huu hauna umri. Wavuvi walichanga fedha kwa ajili ya changu na kamba! Babu angecheka kwanza. Kisha nadhani angenyamaza, maana yeye alikuwa na tabia ya kumwambia samaki mkubwa "samahani bwana" kabla ya kumpiga rungu.

Mzee alituacha stesheni. Niliandaa hotuba ya shukrani, dada akaanza kuitafsiri, naye akaikatisha katikati kwa neno lake.

Jumatatu. Kamaiso

Hatukuwa na kiongozi leo. Tulichukua treni ya kaskazini mpaka Fukura, chini ya mlima Chōkai wenye mita 2,236, ambao mpaka sasa una mabaka ya theluji. Kwenye miamba ya ufuko kuna sura 22 za watakatifu wa Kibudha, zilizochongwa na mtawa mmoja kati ya 1864 na 1868 kwa ajili ya wavuvi waliopotea. Mawimbi yamezila pua.

Kisha ufuko wa Kamaiso, maji yakiwa yamekupwa. Dada aliutajiwa na mwenye nyumba wa Tōge. Mchanga wa kawaida tu, mpaka utazame karibu: unachemka. Vijishimo vinatoa mchanga na kuumeza, na maji yanayotoka ni ya theluji ya Chōkai, yamepita chini ya ardhi yakaja kutokea mdomoni mwa bahari. Mengine hutokea chini ya maji yenyewe, na huko ndiko wazamiaji hushuka kwa pumzi moja kutafuta chaza wakubwa wa mwambani, ambao msimu wao ndio huu. Tulinunua wawili bandarini. Gamba kubwa kama kiganja changu, nyama nene, chumvi mwanzoni na mwishoni utamu wa maji baridi.

Nilivua viatu nikasimama. Mguu wa kulia uko baharini, vuguvugu. Wa kushoto ukazama kwenye kijishimo, baridi ikapanda mpaka kwenye goti lile lile.

"Wauma?" dada akauliza.

"Hewala," nikamwambia, nikauacha humo humo mpaka ukafa ganzi.